KONA YA MWALIMU: Kivuli si cheusi

Mwezi huu tulishuka Kigali, kwa wachoraji wa Kacyiru. Tulijifunza rangi ya mafuta kwa kuiga picha ya Monet, Mfaransa aliyechora malundo ya ngano mwaka 1890 na 1891, zaidi ya mara 20, kila saa na mwanga wake.

Kivuli tulikipaka rangi nyeusi, picha ikafa. Kutazama vizuri, kumbe chake ni buluu na zambarau! Rangi ya mafuta haikauki upesi, basi tukafuta, tukaanza upya.

Mvulana mmoja aliomba buluu iliyobaki, akachora kilima cha kwao Masisi. Mama yake akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo pale."

Wazazi, kuiga si kupoteza wakati. Jumamosi tunaendelea, leteni vitambaa vikuukuu vya kufutia.