Nani Ahukumiwe kwa Penalti?

Kijana msomaji, hasira ya mshabiki ni mtoto wa mapenzi yake. Mtu hakasirikii jambo asilolijali. Kwa hiyo sina ugomvi na mtu yeyote aliyetokwa na machozi tarehe 22 Agosti, 2025, Kenya iliposhindwa na Madagaska katika uwanja wa Kasarani. Ilikuwa robo fainali ya CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Dakika 120 zilikwisha kwa sare ya bao 1 kwa 1, na Madagaska ikashinda kwa penalti 4 kwa 3. Kuanzia Voi hadi Taveta, na huko Wundanyi juu ya milima, majonzi yalikuwa yale yale ya Nairobi na Mombasa.

Machozi yana haki yake. Ninalolipinga ni hukumu iliyokuja nyuma ya machozi. Palikuwa na watu waliosema kwamba kocha alimtoa mchezaji asiyefaa kutolewa, kwamba aliwachagua wapigaji wasiofaa, na kwamba dawa ni kumfukuza. Hukumu hiyo ilitolewa kabla mashahidi hawajasikilizwa. Nasema ina kasoro tatu, na kila moja ni mbaya kuliko ile iliyoitangulia.

Kasoro ya kwanza ni kuupima uamuzi kwa matokeo yake peke yake. Kocha aliyelaumiwa, Benni McCarthy wa Afrika Kusini, aliipokea timu mwezi wa Machi mwaka ule ule. Katika kundi lake Kenya iliishinda Kongo ya Kinshasa 1 kwa 0, ikatoka sare na Angola 1 kwa 1, ikaishinda Moroko 1 kwa 0 huku ikicheza kipindi cha pili chote na watu kumi, kisha ikaishinda Zambia 1 kwa 0. Alama zilikuwa 10 katika 12, na Kenya ikaongoza kundi. Tazama vizuri: kila ushindi ulikuwa wa bao moja tu. Kama mpira mmoja ungaligonga mwamba badala ya kuingia wavuni, waliomwita mwenye hekima wangalimwita mjinga siku hiyo hiyo, ingawa uamuzi wake usingalibadilika hata kidogo. Nao Madagaska hawakuwa wanyonge. Walifika fainali, na Moroko ikawashinda kwa mabao 3 kwa 2 tu. Tanzania na Uganda, wenyeji wenzetu wa mashindano hayo, nao walitolewa katika robo fainali.

Je, tuseme basi kwamba kiongozi hakosolewi? Hasha! Anayesema hivyo ni adui wa michezo sawa na yule anayetukana. Lakini kukosoa kuna njia yake, nasi katika Taita Taveta tuna mahali pa kujifunzia. Njia ya kutoka Voi kwenda Taveta inapita karibu na kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari, 1916, jeshi la Waingereza, likiwa na askari wengi wa Afrika Kusini, lilikishambulia kilima hicho kilichokuwa mikononi mwa jeshi la Wajerumani, likarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Kwa nini historia inamlaumu mkuu wa shambulio lile? Kushindwa peke yake si kosa, maana katika vita lazima mmoja ashindwe. Analaumiwa kwa sababu alidhani maadui ni wachache, na kumbe walikuwa wengi mara kadhaa kuliko alivyodhani. Akawapeleka watu wake mbele bila kuhakikisha jambo ambalo lilikuwa wajibu wake kuhakikisha.

Hapo ndipo penye mizani ya haki. Uliza maswali matatu. Kiongozi alijua nini alipoamua? Angeweza kujua nini zaidi kama angelitafuta? Miongoni mwa njia zilizokuwa mbele yake, kwa nini alichagua hii? Muulize kocha: huyu aliyetoka alikuwa amechoka au ameumia? Wapigaji wa penalti walifanya mazoezi, nao walichaguliwa kwa kipimo gani? Ukiuliza hivyo umekosoa, na kocha ana wajibu wa kukujibu. Usipouliza, umetukana tu, na tusi halina jibu.

Kasoro ya pili ni kuamini kwamba kufukuza ni kutengeneza. Dawa hii tumekwisha kuinywa. Mwaka 2019 Kenya na Senegal walikuwa kundi moja katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Senegal ilifika fainali ikafungwa na Algeria 1 kwa 0. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kenya ilitolewa na Tanzania kwa penalti, hapo hapo Kasarani, katika michezo ya kufuzu kwa CHAN. Na mwezi huo huo kocha wetu Sébastien Migné akaondoka. Baadaye timu ilipita mikononi mwa Francis Kimanzi, Jacob Mulee na Engin Firat kabla ya kumfikia McCarthy. Katika miaka hiyo yote Kenya haikufuzu kwa Kombe la Mataifa hata mara moja.

Senegal walifanyaje? Walibaki na Aliou Cissé. Mtu huyu, akiwa nahodha mwaka 2002, ndiye aliyekosa penalti ya mwisho katika fainali waliyoshindwa na Kamerun. Akiwa kocha mwaka 2017, walitolewa tena na Kamerun kwa penalti katika robo fainali, naye Sadio Mané ndiye aliyekosa. Kama Senegal wangalifuata desturi yetu, wangalikwisha kuwatupa wote wawili. Hawakuwatupa. Tarehe 6 Februari, 2022, Senegal ilitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza kwa kuishinda Misri kwa penalti. Cissé alikuwa kocha, na aliyepiga penalti ya ushindi ni Mané. Mkulima wa Taita akipanda mkarakara leo haung'oi kesho kutazama mizizi. Kwa nini tunaing'oa timu?

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: kelele zetu humfunika mkosaji mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la soka kwa madai ya matumizi mabaya ya fedha. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hakikuondolewa mpaka Novemba. Kwa sababu hiyo timu yetu iliondolewa katika michezo ya kufuzu kwa Kombe la Mataifa la 2023 bila kupiga mpira. Wapiganapo tembo, nyasi huumia; na watu wa Voi, majirani wa tembo wa Tsavo, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Hakuna kocha aliyeleta msiba ule, wala mchezaji aliyekosa penalti. Uliletwa na wakubwa wa ofisini, na makosa ya ofisini hayaonyeshwi katika televisheni kama penalti.

Wala sisi mashabiki tusijifiche. Katika CHAN hiyo hiyo, watu wasio na tiketi walivunja taratibu za usalama Kasarani, na shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa kuingia Kenya inapocheza. Tuliipunguzia timu yetu sauti, kisha tukauliza kwa nini imepungukiwa nguvu.

Basi, kijana, kesho timu ya shule yako itashindwa, maana hakuna timu isiyoshindwa. Rafiki yako atakosa penalti, na mwalimu wako wa michezo atamtoa mchezaji umpendaye. Siku hiyo usiwe wa kwanza kupaza sauti. Mshike mkono aliyekosa, kwa maana alithubutu kwenda mahali ambapo wengi waliogopa. Muulize mwalimu sababu zake kwa adabu, wala usiridhike na jibu la upuuzi. Kisha nenda kwa wanaoshika fedha za michezo, uwaulize kwa adabu ile ile na kwa ushupavu zaidi. Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa la 2027. Timu haijengwi na watu wanaotafuta wa kufukuzwa kila wanaposhindwa. Hujengwa na watu wanaojua wamuulize nani, na wamuulize nini.