Kombaini Isiingie Shambani Kabla ya Mapatano

Kila ifikapo Oktoba, wakulima wa skimu za Trans Nzoia, na wenzao wa Ndalu, Naitiri na Tongaren upande wa Bungoma, huuliza swali lile lile: je, inafaa kukodi kombaini ivune mahindi, au tuendelee kukata kwa panga? Wengine wameona mashine hizo zikifanya kazi katika mashamba makubwa karibu na Kitale, nao wanatamani shida ya mavuno iishe kwa siku moja. Sioni ajabu. Mashine hushika mabua, huvunja mahindi, huyapukuchua tumboni mwake na kumwaga punje katika trela, na ekari moja iliyo sawa haiichukui saa nzima.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba mtu wa ekari 5 asiikodi peke yake, wala majirani wasiikodi pamoja mpaka mahindi yao yamekauka sawasawa na wao wenyewe wamepatana. Nitaeleza sababu, maana si vizuri kumwambia mkulima neno kama hili bila hesabu.

Jambo la kwanza ni maji. Hindi likikomaa kabisa shambani bado lina maji kama asilimia 30 au zaidi. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yanayozidi asilimia 13.5. Sasa tuchukue gunia la kilo 90 lililotoka katika mashine likiwa na maji asilimia 25. Likikaushwa mpaka 13.5 litabaki na kilo 78. Kilo 12 zilikuwa maji matupu. Mkulima huyo amelipa trela ibebe maji, amelipa vibarua wapakie maji, na akifika kwenye kikaushio atalipa maji hayo yaondolewe. Mahindi ya asilimia 20 yana nafuu kidogo, lakini hayo nayo yatapoteza karibu kilo 7 kwa kila gunia.

Hasara haiishii hapo. Punje yenye maji ni laini, na mashine huipasua. Punje iliyopasuka ni mlango wa fukusi na wa ukungu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyoingia ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliwagonjesha watu 317, na 125 kati yao walikufa. Sisi tunaishi katika nchi ya baridi kuliko ile, lakini ghala lenye mahindi mabichi yaliyopasuka si mahali pa kulaza chakula cha watoto.

Mwenye shamba kubwa huvuna mahindi yakiwa na maji kwa sababu ana kikaushio nyuma ya ghala. Sisi kikaushio chetu ni jua na turubai. Turubai moja haiwezi kukausha magunia 100 yaliyoshuka mchana mmoja, na mvua za Kitale hazina adabu mwezi wa Novemba. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilitukuta katikati ya mavuno, na kila mtu anakumbuka mahindi yaliyoota yakiwa bado juu ya bua. Wapo wanaosema mwaka kama ule ndio ungefaa mashine, kwa sababu ni ya haraka. Ni kweli, ikiwa kikaushio kiko karibu na foleni yake si ndefu. Bila hicho, haraka hiyo huyatoa mahindi mvuani na kuyaweka katika lundo lenye joto. Tena kombaini kubwa yenye tangi lililojaa huzidi tani 10. Ikipita juu ya udongo uliolowa huushindilia, na wewe utaupata ugumu wake Machi unapolima.

Jambo la pili ni zile punje zinazobaki chini. Watu wengi hutazama trela ikijaa wakafurahi, wasitazame nyuma ya mashine. Kwa mistari yetu ya sentimita 75, ukiokota hindi moja tu katika kila mita 10 za mstari, ekari nzima imeacha mahindi kama 540. Hindi moja likiwa na gramu 150 za punje, hizo ni kilo 81, karibu gunia zima. Punje zilizotawanyika nazo huhesabiwa: pima mita moja kwa mita moja, na ukihesabu punje 20 humo, ekari imepoteza karibu theluthi ya gunia. Mbegu zetu ndefu za Kitale, tulizozizoea tangu H611 ilipotolewa mwaka 1964, huangushwa na upepo kwa urahisi, na bua lililolala mashine huliruka. Mistari iliyopinda huiruka pia. Na shamba la ekari 5 lenye kisiki, mgomba na kichuguu katikati, dereva atatumia muda mwingi kugeuka kuliko kuvuna, na muda huo wewe ndiye unayeulipia.

Kuna na mabua. Anayekata kwa panga na kuyasimamisha yakiegemeana hupata chakula cha ng'ombe cha Januari na Februari, na magunzi ya kuni. Kombaini huyaponda yote na kuyaacha chini. Udongo hushukuru, lakini ng'ombe wa maziwa hali shukrani.

Sasa nije kwa watu, kwa sababu hapa ndipo maneno huwa makali. Mei 2023, huko Kericho, wananchi walichoma moto mashine za kuchuma chai kwa sababu ziliwanyang'anya vibarua kazi. Huku kwetu hatujafika huko, na sipendi tufike. Lakini anayevunja mahindi yako ni mama wa jirani anayetafuta karo ya Januari, na anayeokota masazo ni mjane asiye na ekari hata moja. Ukimpa dereva fedha zile, zinaondoka naye barabarani. Sisemi mkulima ageuke kuwa chama cha hisani. Mwenye ekari 20 asiyepata watu, au anayeibiwa usiku mahindi aliyoyasimamisha, ana haki ya kutafuta mashine. Nasema tu kwamba kwa mwenye ekari 5, mashine ya kupukuchua inayovutwa na trekta humwondolea sehemu ya kazi inayochosha kuliko zote, na ile ya kukata na kuvunja hubaki mikononi mwa watu wa hapa hapa. Kwa watu wengi wa skimu, hiyo inatosha.

Wale wanaoitaka kombaini kwa dhati waanze shauri lao Machi, wasingoje Oktoba. Majirani wanne au watano wenye mashamba yanayopakana wapande mbegu moja, kwa wiki moja, mistari yao ielekee upande mmoja, na wang'oe visiki. Kabla ya kuita mashine, wapime maji ya mahindi. Kipimo kipo katika bohari za Bodi. Asiyeweza kufika huko apukuchue konzi chache, aziweke katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yanazidi asilimia 15 na hayafai ghalani. Wasio na kikaushio wayaache yasimame. Bei ipatanwe kwa ekari na iandikwe, pamoja na nani atakayelipa mashine ikiharibika na kulala shambani.

Na siku ya kazi, mwambieni dereva asimame baada ya kupita mara ya kwanza. Nendeni nyuma yake na kamba ya mita 10, mhesabu mahindi yaliyobaki, mtazame na punje zilizopasuka ndani ya trela. Dereva anayejua kazi yake atateremka, arekebishe mashine, ajaribu tena. Akikataa kusimama, mlipeni mstari ule mmoja aende zake, na mapanga yenu bado yapo.