Rubani akikiri kosa: aadhibiwe au asikilizwe?

NAIROBI: Mwenye shehena ya maua au minofu ya samaki hukasirika rubani anapokataa kuruka, na ana haki ya kukasirika. Mzigo unaharibika, mnunuzi wa Ulaya anapiga simu, na kampuni ya ndege haina maelezo ya kuridhisha. Ndiyo maana mjadala wa iwapo marubani wawajibishwe kwa makosa yao au walindwe wanapoyaripoti si wa marubani peke yao. Unamhusu pia anayelipa nauli ya mzigo na malipo ya bima.

Ajali ya Kenya Airways ya Mei 5, 2007 huko Douala, Cameroon, inaonyesha ugumu wa mjadala huo. Ndege hiyo, Boeing 737-800 iliyotoka Abidjan kuelekea Nairobi, ilichelewa karibu saa moja kwa sababu ya mvua kubwa. Iliondoka baada ya usiku wa manane bila ruhusa ya mnara. Rubani mkuu alitamka amri ya kuwasha otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, lakini mtambo haukuwaka na hakuna aliyehakikisha. Katika giza, ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole. Rubani msaidizi alikuja kusema wakati umeshapita. Watu wote 114 walikufa.

Kwa mujibu wa ripoti ya wachunguzi wa Cameroon iliyotolewa mwaka 2010, rubani alipoteza uwezo wa kuimudu ndege baada ya kupotewa na hisia ya mwelekeo, na wawili hao hawakushirikiana ipasavyo. Ukiishia hapo, lawama ni ya rubani mkuu na kesi imekwisha. Lakini ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba udhaifu wake ulikuwa umeshaandikwa katika kumbukumbu za mafunzo: ushirikiano na mwenzake, ufuataji wa taratibu, ukaguzi wa vipimo. Karatasi zilikuwepo ofisini. Anayetaka uwajibikaji wa kweli analazimika kuuliza kuhusu waliozisoma na kumpangia safari nyingine, na swali hilo huulizwa kwa nadra kuliko lile la rubani.

Indonesia ilichukua njia ya mahakama. Machi 7, 2007, ndege ya Garuda iliyokuwa na watu 140 ilitua Yogyakarta kwa kasi kubwa kupita kiasi, ikapita mwisho wa njia na kuteketea. Waliokufa ni 21. Mtambo wa tahadhari ulilia mara 15, na rubani msaidizi alimtaka mwenzake aache kutua wazunguke upya. Rubani mkuu aliendelea kushuka. Alipona, akashtakiwa, na Aprili 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, hukumu iliyofutwa na mahakama ya juu ya huko mwaka huo huo.

Vyama vya marubani vilipinga kesi hiyo vikisema ikiwa maelezo ya mchunguzi yanaweza kuwa ushahidi wa jinai, rubani wa kesho atanyamaza. Hoja hiyo ina uzito, ingawa familia za marehemu 21 zina haki ya kuiona kama kinga ya wenye kazi kubwa.

Gharama ya kunyamaza inajulikana. Desemba 1, 1974, ndege ya TWA iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Dulles karibu na Washington iligonga mlima huko Virginia na kuua watu 92. Marubani walielewa vibaya maneno ya ruhusa ya kukaribia uwanja, wakashuka mapema mno. Wiki sita tu kabla, ndege ya United ilikuwa imeponea chupuchupu mahali hapo hapo kwa kosa hilo hilo. United iliwaonya marubani wake. Wa TWA hawakupata habari.

Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa ripoti za hiari na kuuweka chini ya NASA, shirika la anga za juu ambalo halina mamlaka ya kumtoza rubani faini wala kumnyang'anya leseni. Anayeripoti kosa lake ndani ya siku 10 huweza kusamehewa adhabu. Lakini mlango hauko wazi kwa kila mtu: kosa la makusudi, jinai na ajali yenyewe havimo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 nayo inamlinda anayeripoti, isipokuwa aliyevunja taratibu kwa makusudi au kwa uzembe wa wazi uliopindukia.

Kwa hiyo jina "utamaduni wa kutolaumiana" linapotosha. Lawama ipo, ila imewekewa mpaka. Ugomvi halisi ni nani anayeuchora mpaka huo. Kampuni ikiuchora peke yake, kosa la rubani litaitwa uzembe pale ratiba yenyewe ilipokuwa haitekelezeki. Chama cha marubani nacho kikiachiwa, uzembe utaitwa bahati mbaya.

Ripoti pia zinahitaji msomaji. Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulipoziongeza kampuni zote za ndege zilizosajiliwa Tanzania kwenye orodha ya zisizoruhusiwa kuruka katika anga yake, sababu iliyotajwa ilihusu usimamizi wa kitaifa, ukiwemo uhaba wa wataalamu wenye sifa. Pasipo wakaguzi wa kutosha, hata rubani mkweli kuliko wote anaandikia kabati.

Wenye malori wanalijua jambo hili kwa upande wao. Dereva anayeshuka Salgaa na breki zinazolegea, huku akijua kwamba akisimama atakatwa posho ya safari, atashuka tu. Tajiri atakuja kuziona breki hizo katika ripoti ya polisi.

Anayekodi ndege kusafirisha mzigo kwa kawaida huuliza bei, uzito na saa ya kuondoka. Anaweza kuongeza swali moja: marubani wa kampuni hiyo waliripoti makosa na hitilafu mara ngapi mwaka uliopita? Akijibiwa kwamba hakuna hata ripoti moja, asiharakishe kusaini.