Chumvi haizuii sumukuvu: funzo kwa mama wa Tunduma na Songwe

Mwezi Agosti 2024, Serikali ya Zambia ilitangaza kuwa unga wa mahindi kutoka kampuni 10 kati ya 25 za kusaga zilizopimwa ulikuwa na sumukuvu nyingi. Tayari mbwa wapatao 400 walikuwa wamekufa. Waziri wa Afya wa nchi hiyo alihusisha tatizo hilo na ukame mkali wa msimu ule.

Mama au mlezi unayeishi Tunduma, unajua kuwa Nakonde ni hatua chache tu kuvuka mpaka. Na kwetu pia yametokea: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao walifariki.

Je, chumvi inasaidia?

Huenda umejiuliza: kama chumvi huhifadhi samaki, haiwezi kulinda karanga au unga wa lishe wa mtoto?

Jibu ni hapana. Chumvi hunyonya maji, na vijidudu vingi hushindwa kuishi. Lakini kuvu inayotengeneza sumukuvu kwenye mahindi na karanga huvumilia chumvi na ukavu kuliko vijidudu vingi. Chumvi nyingi sana huidumaza. Chumvi kidogo huiacha ikiendelea kukua.

Kuna jambo jingine. Kuvu kukua na kuvu kutoa sumu ni mambo mawili tofauti. Huko Ulaya, ipo kuvu inayoota kwenye nyama iliyokaushwa kwa chumvi. Watafiti waliona kuwa chumvi ikiibana, huweza kutoa sumu zaidi. Wanadhani huitumia sumu hiyo kutoa nje sehemu ya chumvi iliyoizidi. Kwa hiyo chakula chenye ukungu kidogo si lazima kiwe na sumu kidogo.

Tena, mtoto chini ya mwaka mmoja hapaswi kuongezewa chumvi kwenye uji.

Kinacholinda kweli ni ukavu

Sumukuvu haina harufu wala ladha, na kuchemsha uji hakuiondoi. Kwa hiyo kazi hufanyika kabla ya kusaga:

- Anika mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo.
- Chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu. Usizisagie unga wa mtoto, wala usiwape kuku au ng'ombe.
- Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, mahali pakavu, juu ya chaga.
- Saga unga wa lishe kidogo kidogo, usikae muda mrefu.
- Badilisha nafaka. Ulezi, mtama au mchele hupunguza kutegemea mahindi na karanga kila siku.

Hapa ndipo chumvi ina kazi

Tumia chumvi kupima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu. Weka mahindi hadi robo ya chupa, ongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, funga na utikise kwa dakika chache. Subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi: rudisha juani. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa kuhifadhi miezi mingi, endelea kuanika hadi ufike asilimia 13. Mahindi ya kipimo usiyapike.

Wahi kituo cha afya

Mtu akiwa na macho ya njano, tumbo kuvimba au kutapika, hasa kama zaidi ya mmoja nyumbani wanaumwa, nenda kituo cha afya mara moja. Beba kiasi cha mahindi au unga mliokula.

Mwenye mtoto chini ya miezi sita, endelea kumpa maziwa yako pekee. Bado ndiyo chakula salama kuliko vyote kwake.