Kosa si la Ng'wandu

Mfumo wowote ninaoitwa kuukagua hapa Mwanza, jina la kwanza kuliingiza kwenye fomu ni Ng'wandu. Usukumani majina ya ng' yamejaa tele, na mifumo mingi huanguka papo hapo.

Katika SQL, lugha ya kuziamuru hifadhidata, ile alama ya ritifaa ndiyo inayoonyesha maandishi yanapoanzia na yanapoishia. Programu ikilibandika jina ndani ya amri kama lilivyoandikwa, hifadhidata huona jina limeishia kwenye Ng. "Wandu" huisoma kama sehemu ya amri, haiielewi, inagoma. Hifadhidata ya MySQL hutoa kosa namba 1064, na mama anayemsajili mwanawe shule anatupiwa aya nzima ya Kiingereza.

Hapo karani humwambia, "Mama, hicho kialama tukitoe tu." Mtoto anakuwa Ngwandu kwenye mfumo, Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa. Akikua atahangaika na hati za kiapo kuthibitisha kuwa ni yeye yule, kisa uvivu wa mtu asiyemjua.

Mwizi naye anaupenda sana mwanya huo, maana anayeweza kuivunja amri kwa bahati mbaya anaweza pia kuingiza yake kwa makusudi. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliibiwa taarifa za wateja karibu 157,000 kwa njia hiyo. Mwaka uliofuata ikapigwa faini ya pauni 400,000. Na dawa ilikuwepo zamani: amri hutumwa kwanza ikiwa na nafasi wazi, jina likafuata peke yake, likapokewa kama jina tu, hata liwe na ritifaa kumi.

Makosa mengine hayakwepeki. Namba ya simu ikijirudia, mtumiaji aambiwe kwa Kiswahili kwamba imeshasajiliwa. Miamala miwili ikikwamishana, programu ijaribu tena yenyewe. Undani wote uende kwenye kumbukumbu za seva, anakousoma fundi.

Ninaowachukia hasa (ndiyo, ninawachukia) ni wale waandishi wa programu wanaolimeza kosa kimyakimya, skrini ikaandika "Hongera, umesajiliwa" wakati hakuna kilichohifadhiwa. Heri hata ile aya ya Kiingereza. Mama angalau angejua mwanawe bado hajasajiliwa.