Masimango Nayo ni Ukatili

Neno ukatili tumelisukuma mbali na nyumba zetu. Tukilisikia twamfikiria mume apigaye mkewe, au mlezi aliyemchoma mtoto kwa maji ya moto. Mtu huyo, hapa Tanzania, hushtakiwa kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Lakini yupo mkatili mwingine asiyeinua mkono. Analisha, anavisha, analipa ada, kisha anasimanga.

Kusimanga ni kumtajia mtu wema uliomtendea ili umdhalilishe. "Unakula bure, unalala bure, na kazi hutaki!" "Kama si mimi, leo ungekuwa wapi?" Maneno haya haambiwi mtu mwenye kwake. Huambiwa yatima, mjane aliyerudi kwa kaka yake, mgonjwa asiyejiweza. Tusi hujibika, simango halijibiki, maana aliyesimangwa atarudi jioni kula kwenye sinia lile lile.

Wapo wasemao kwamba mtoto asipokumbushwa hatakuwa na shukrani. Si kweli, ndugu zangu. Mtoto wa kusimangwa hujifunza kuhesabu matonge, kujidai ameshiba, na kuficha homa asije akaambiwa anatia watu gharama. Hiyo si shukrani, ni hofu. Tena Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, imevitaja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kuwa haki ya mtoto kwa yeyote anayemlea, si kwa mzazi peke yake. Mtu husimangwaje kwa haki yake?

Dini nazo hazikunyamaza. Kurani, Suratul Baqara aya ya 264, inawaonya waumini kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka. Waraka wa Yakobo, sura ya 1 aya ya 5, unamtaja Mungu kuwa huwapa wote kwa ukarimu pasipo kukemea. Msimangaji, basi, unga wake umeliwa na thawabu imempotea.

Najua maisha ni magumu, na kulea mtoto wa ndugu si kazi ndogo. Enyi walezi, mkielemewa semeni mmeelemewa; iteni ukoo, mzigo ugawanywe. Na mtoto akivunja kikombe, mkanyeni kwa kikombe, kama mnavyomkanya mliyemzaa, wala ugali alioula usitajwe.