Siku ya Tatu, Mpe Lugha

Mei mwaka jana nilikuwa katika shule moja ya msingi mkoani Kilimanjaro, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Siku moja walimu walikuwa wakimuaga kijana kutoka Ulaya aliyejitolea pale kwa miezi sita. Soda zikagawiwa, hotuba zikatolewa, kisha mwenyewe akasimama na kusema: "Asanteni sana. Mambo poa!" Ofisi nzima ikalipuka kwa makofi. "Huyu sasa ni Mchaga kabisa!" akasema mwalimu mmoja.

Mimi sikupiga makofi.

Juma moja kabla ya hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lake. Mtoto wa darasa la pili alimfuata mbele, akamnong'oneza kitu. Kijana akatabasamu, akamwinulia dole gumba: "Poa sana!" Mtoto akarudi kukaa. Dakika chache baadaye wenzake walikuwa wanamcheka, na chini ya dawati sakafu ilikuwa imelowa. Nilipompeleka bombani nilimuuliza alimwambia nini mwalimu. "Nilimwambia nimebanwa," akajibu, macho chini. "Akasema poa."

Simchukii kijana yule. Namjua vizuri, kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Nilipomaliza shahada ya kwanza nilikwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo karibu na Stuttgart. Nilikuwa na cheti cha A1, ngazi ya chini kabisa, nilichokipata Dar es Salaam baada ya kukesha na der, die, das. Nikadhani nimeiva. Kumbe Kijerumani cha kitabuni na kile cha wazee wa Swabia vinatofautiana kama Kiswahili cha taarifa ya habari na cha kijiweni. Juma la kwanza nilimwita bibi wa miaka themanini na kitu "du", nikaambiwa papo hapo kwamba mtu mzima kama yule huitwa "Sie". Hilo halikuhitaji maelezo. Nilikuwa nimempita mkubwa bila shikamoo.

Kosa ambalo halijanitoka moyoni ni la saa. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia aliniambia gari litakuja kumchukua "halb drei", kumpeleka kwa daktari wa macho. Halb ni nusu, drei ni tatu. Nikapiga hesabu: saa tatu na nusu yao, yaani saa tisa na nusu yetu. Nikaenda zangu kukunja mashuka. Lakini kwa Mjerumani halb drei ni nusu ya kuelekea saa tatu, yaani saa nane na nusu yetu. Nilipoingia chumbani nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, koti amelivaa mkono mmoja, anautazama mlango. Dereva alikuwa amesubiri nje, akaona hatokei mtu, akaondoka. Miadi ile bibi aliingoja kwa miezi.

Nikatabasamu, kwa kuwa tabasamu ndilo pekee nililokuwa nalo. Muuguzi mkuu akanivuta kando, akaniambia polepole ili nimwelewe: bibi huyu anahitaji mtu anayemsikia, tabasamu baadaye. Juma lililofuata nilipangiwa masomo ya lugha mara mbili kwa wiki, na wenzangu kazini wakaambiwa wasizungumze nami Kiingereza tena. Niliwaona wakatili. Leo nawashukuru. Walinichukulia kama mtu mzima aliyekabidhiwa watu.

Ndiyo maana nasema makofi yale yalikuwa dharau. Tulimdharau mgeni kwa kumpa sifa ambazo tungempa mtoto anayejifunza kutembea. Tuliidharau lugha yetu kwa kuridhika na maneno matano ndani ya miezi sita. Aliyelipa gharama ni mtoto mwenye sare iliyolowa, na hakuna aliyemkumbuka katika hotuba.

Majibu yenu nayajua. "Amekuja kwa muda mfupi tu." Kama muda hautoshi kujifunza neno "nimebanwa", basi hautoshi kukabidhiwa darasa, apewe brashi apake rangi ukuta. "Kiingereza kinatosha." Kinamtosha nani, ikiwa shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili? "Upendo hauhitaji maneno." Kamwambieni hivyo yule bibi na koti lake. "Kiswahili kitawashinda." Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961, huwaweka wanaojitolea wake katika familia za wenyeji na kuwafundisha lugha kwa wiki kadhaa kabla ya kuwapeleka vituoni. Inawezekana. Anayehitajika ni mtu wa kudai.

Na hapo tunaokwamisha ni sisi tuliosoma. Mgeni anapohangaika gengeni kuulizia bei ya nyanya, mama mwenye genge humvumilia, humrudishia neno hadi likae sawa. Anayerukia kumjibu kwa Kiingereza ni mimi na wewe, tumefurahi kupata mtu wa kumwonyesha Kiingereza tulichokilipia ada. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tunavaa fulana, tunaandika nahau kwenye mitandao. Julai 8 tunampokonya mgeni nafasi ya kujifunza.

Nadai jambo moja. Anayejitolea asikabidhiwe mtoto, mgonjwa wala mzee mpaka aweze kuelewa malalamiko yake: nimebanwa, tumbo linaniuma, naogopa, sijala. Hayo yatangulie salamu za kufurahisha watu. Taasisi inayompokea imlipie mwalimu kama inavyomlipia chumba. Na sisi tunaomzunguka tumjibu kwa Kiswahili, polepole, hata kama jibu litachukua dakika tano.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyekuja kuhudumia watu, jembe lake ni lugha yao. Mpe. Akikosea, msahihishe. Makofi yasubiri siku mtoto atakapomnong'oneza kitu, naye akamfungulia mlango.